Poda ya Ndama

3 Machi

Leo Baba amenikabidhi daftari la mifugo. Miaka arobaini ameliandika yeye mwenyewe, moja likijaa anaanza jingine, kila ndama aliyezaliwa na kila kondoo aliyekohoa. Asubuhi hii ameliweka mezani mbele yangu pamoja na kalamu, akasema macho yanamsumbua. Nikamwambia tukatafute miwani mipya. Akasema miwani haina kosa. Yakaishia hapo.

Baba ni baba wa marehemu mume wangu. Mume wangu ametangulia huu mwaka wa sita, nami nikabaki hapa na mzee wake, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke na mimi sikuwa na nguvu ya kuwaza pengine. Kabla ya kustaafu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, ingawa watu walimwita daktari tu, na wengine mpaka leo. Tuna ng'ombe wanne wa maziwa, ndama saba, kondoo ishirini na watatu. Mikono ya kuwahudumia ni sita: yangu, ya Baba, na ya Kimya. Kimya ni mfanyakazi wetu, mtu mzima wa miaka arobaini. Ana jina lake zuri alilopewa na wazazi, lakini hakuna anayelitumia, maana anaweza kuimaliza siku nzima kwa maneno kumi na akabakisha mawili.

Kwa vile daftari ni langu sasa, nitaandika nitakavyo. Ndama watatu wanahara. Mgongo unaniuma.

4 Machi

Ndama wanne wanahara. Mvua.

6 Machi

Daktari wa mifugo amekuja, yule binti mrefu wa pikipiki. Amepima joto, amenusa kinyesi, ameangalia ufizi. Anasema hapa hakuna cha kuchoma sindano. Tumbo la ndama limevurugika kwa sababu wameachishwa maziwa haraka, wakapewa majani mabichi ya mvua, na banda lina unyevu. Ametupa chumvichumvi za kuwanywesha, na ametuletea gunia la poda ya kuchanganya na pumba: ina hamira, ina vijidudu vile vinavyosaidia tumbo kusaga chakula, ina madini ya kuwakuza. Kikombe kimoja kila asubuhi kwa ndama wote saba, basi.

Baba alifurahi kama mtu aliyepata mgeni wa kazini kwake. Alimwambia daktari kwamba enzi zao walikuwa wanachoma sindano tu, na isipoponya wanachoma nyingine. Siku hizi ndiyo watu wameelewa kwamba tumbo likitulia, mnyama hukua mwenyewe.

Chini kabisa ya gunia kuna maandishi madogo kama sisimizi. Niliyasoma kwa sauti ili Kimya asikie: kondoo wasipewe. Baba akamweleza Kimya sababu, taratibu, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana wa kazini zamani. Ndani ya poda mna shaba. Ng'ombe akila shaba, inayozidi anaitoa. Ini la kondoo ni bahili, linapokea lakini halitoi. Linajaza wiki baada ya wiki, kondoo anaonekana mzima, anakula, anacheua, mpaka siku moja ini linapasuka kama kibuyu na sumu yote inaingia kwenye damu.

Kimya alisema, "Nimeelewa, mzee." Hayo ni maneno mawili ya siku yake.

9 Machi

Stoo inavuja. Nimehamisha chumvi ya kondoo, nimeiweka rafu ya juu. Gunia la poda nimelitia kwenye sanduku la chini lenye mfuniko. Nimefua. Hakijakauka kitu.

15 Machi

Ndama sita kinyesi kimeshikamana. Wa saba bado, ila anachangamka. Baba anapita bandani kila saa kuangalia mikia yao, na akirudi ananipa habari kwa undani hata kama nakula.

Jumapili, kwa hiyo wifi amepiga simu. Wifi ni binti pekee wa Baba, anaishi mjini na watoto wake. Ameuliza kama kawaida, "Baba hajambo?" Nami nimejibu kama kawaida, "Hajambo kabisa." Kisha akauliza kama kweli hajambo. Nikauliza kwa nini. Akasema hakuna.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Kimya ametengeneza mfereji nyuma ya banda bila kuambiwa.

24 Machi

Poda inakwisha upesi. Nilipiga hesabu tangu mwanzo: kwa kikombe kimoja kwa siku, gunia lingetufikisha mwisho wa Mei. Leo nimetia mkono, limeshuka karibu theluthi. Nimemwuliza Kimya anapima vipi. Akanionyesha kikombe, akakisawazisha kwa kidole kama mtu anayepima dhahabu. Nikamwuliza tena, kwa sauti nyingine kidogo. Akasema anatoa alivyoambiwa.

Baba alikuwa amekaa kibarazani akisikiliza. Alisema nisimsumbue mtu wa watu. Lakini poda haina miguu.

2 Aprili

Baba amekunywa chai, ameosha kikombe, kisha akaniuliza chai iko wapi. Nikamtilia nyingine. Kuna ubaya gani mtu kunywa chai mara mbili.

4 Aprili

Baba ameuliza mume wangu atarudi lini. Nilikuwa nakatakata majani. Nikasema bado. Sijui kwa nini nilisema bado.

Mvua haijakatika tangu juzi. Siku nyingine naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

10 Aprili

Asubuhi nimemkuta Kimya ndani ya zizi la kondoo na ufagio, anafagia hori lao. Kondoo hori lao halifagiwi, wanalilamba wenyewe. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anafagia. Jibu hilo ni la kweli na halina msaada wowote. Kwenye ukingo wa hori palikuwa na vumbi la rangi ya majivu. Alipoona naliangalia, akalipangusa kwa mkono wa shati.

Nimekuwa nikimwaza siku nzima. Jirani yake ana ndama wawili, na nimesikia wananenepa. Miaka minane mtu huyu amekula kwangu, na sijui hata chakula gani anakipenda.

Jioni nimenunua kufuli. Nimetia kwenye mlango wa stoo, na ufunguo nimempa Baba atunze, kwa sababu katika nyumba hii yeye ndiye asiyeweza kushukiwa. Kila asubuhi atamfungulia Kimya, atasimama hapo, kisha atafunga. Kimya alilitazama kufuli, akamtazama Baba, halafu akaenda kuchota maji.

19 Aprili

Hata na kufuli inapungua. Nadhani Baba anamwachia mlango wazi kwa wema wake.

Wifi amepiga. Hajambo kabisa.

28 Aprili

Sijui nianzie wapi. Tangu alfajiri mvua ya mawe, na upepo wa baridi ambao sijawahi kuuona mwezi huu. Maji yameingia zizi la kondoo mpaka magotini. Tumewatoa wote, mimi na Kimya, tukawapitisha kwenye korongo kuwapeleka zizi la juu. Kondoo aogopapo maji ni kama mtoto, huwezi kumbembeleza, unambeba. Kimya amebeba kumi na tisa. Mimi wanne, na nilianguka mara mbili. Hakupotea hata mmoja. Nilifika nyumbani natetemeka, nikamkuta Baba amevaa shati nje ndani, anauliza kelele ni za nini.

29 Aprili

Kondoo jike mmoja amekufa. Yule mwenye sikio lililokatika. Nilidhani ni baridi. Lakini macho yake yalikuwa ya manjano, na mkojo uliokuwa chini yake ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

30 Aprili

Asubuhi wengine wawili. Simu ya daktari haipatikani, daraja limefunikwa.

Baba akaomba kisu chake kidogo na ndoo ya maji. Tangu mume wangu afariki nilikuwa sijamwona akipasua mnyama. Jana alikuwa hawezi kufunga vifungo. Leo alipopiga goti kwenye nyasi, mikono yake haikukosea hata mara moja. Alifungua tumbo kwa mkato mmoja. Mafuta yalikuwa ya manjano, nyama ya manjano, ini lilikuwa la rangi ya tope. Alikuwa anatikisa kichwa tu kama mtu anayesoma barua. Kisha akatoa figo, akaliosha, akaliweka kiganjani atuonyeshe. Lilikuwa jeusi la kung'aa, kama chuma kilichotoka kwa mhunzi.

"Shaba," akasema. "Wiki sita, saba. Kidogo kidogo. Baridi ya juzi imemalizia tu." Akalirudisha figo mahali pake kwa adabu, akanawa. "Kuna mtu amekuwa akiwapa kondoo poda ya ndama. Mjinga gani huyo?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka jina la kujaza kwenye fomu.

Nikamtazama Kimya. Kimya alikuwa anamtazama Baba, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa.

"Ni mimi, mzee," akasema.

"Nilikufundisha mwenyewe."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Baba akaingia ndani. Mimi nilibaki naye pale, na kondoo watatu wamelala kati yetu. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, ila moja niliandike ili linichome kila nikifungua ukurasa huu: nilimwambia kwamba mwizi ana nafuu, maana mwizi anajua anachokichukua. Nikamwambia aondoke, asirudi. Hakujitetea. Alinisaidia kwanza kuchimba shimo la kuwafukia, kwa sababu nyama ile hailiwi, kisha akanawa miguu bombani na kwenda.

2 Mei

Wawili wengine. Daktari amefika. Amesema Baba amesoma ugonjwa kama kitabu, yeye mwenyewe asingetamka haraka hivyo bila maabara. Ametoa dawa ya kuitoa shaba mwilini polepole, kila kondoo kila siku kwa wiki sita, na amri: wasikimbizwe, wasishtuliwe, wasihamishwe.

Kumnywesha kondoo bila kumshtua, peke yako, kwenye matope. Nimeandika tu hivyo.

4 Mei

Kukamua, kuchota, kukata majani, kunywesha ndama, kunywesha kondoo, kupika. Baba ameuliza Kimya yuko wapi. Nikamkumbusha. Akasema, "Ah." Jioni akauliza tena.

6 Mei

Amekufa wa sita. Nimemwuliza daktari kwa simu imekuwaje na poda hawapewi tena. Amesema pengine ini lilikuwa limeshajaa. Kisha akauliza kama nina hakika hawapewi. Nikasema aliyewapa nimemfukuza.

8 Mei

Nilikuwa nakamua. Kati ya mbao za banda pana mwanya, unaona mlango wa stoo na zizi la juu bila kugeuza shingo. Baba akatokea na koti lake refu la mvua, akafungua kufuli, akaingia, akatoka, akafunga vizuri na kulivuta kufuli kuhakikisha. Mkono mmoja mfukoni. Akapanda kuelekea kwa kondoo akipiga mluzi mdogo, na kondoo wakamjia mbio, hao hao niliokatazwa kuwashtua, wakamzunguka kama watoto. Akatoa mkono mfukoni, akawalambisha kiganjani, mmoja mmoja.

Niliendelea kukamua. Sitasema uongo, nilikamua mpaka chuchu zote nne zikawa tupu, maana nilijua nikisimama itabidi nijue.

Kisha nikaenda. Nikamwuliza anawapa nini.

"Chumvi," akasema. "Kiganja kimoja kimoja, kama siku zote."

Nilikifungua kiganja chake. Poda, rangi ya majivu.

Sikumwambia. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani, nikampa chai. Halafu nimekaa na daftari hili nikalirudisha nyuma ukurasa kwa ukurasa, mpaka tarehe tisa Machi. Mwandiko ni wangu. Miaka yote chumvi ya kondoo ilikaa kwenye sanduku la chini. Baba aliendelea kwenda palepale mkono wake ulipozoea kwenda, nami ndiye niliyebadilisha kilichokuwamo.

9 Mei

Nimeficha gunia la poda chumbani kwangu. Chumvi nimeirudisha chini. Baba amewapa kondoo chumvi, ya kweli safari hii.

10 Mei

Wifi amepiga. Nimesema hajambo. Nimekata simu nikakaa kitandani kando ya gunia.

12 Mei

Nimekwenda kumtafuta Kimya. Anafanya kazi kinu cha kusaga, anapakia magunia. Tulikaa nje kwenye gogo, yeye mweupe kwa unga mpaka kope. Nikamwambia nimeona. Hakushangaa, na hapo nikajua alikuwa anajua.

Alisema zaidi leo kuliko mwaka mzima, ila kwa vituo, kama mtu anayeshusha mzigo ngazi kwa ngazi. Aligundua katikati ya kazi zake mapema Aprili, alipoona kondoo wanalamba kitu kisicho cheupe. Kuanzia hapo kila alipomwahi mzee aliipangusa poda mkononi mwake na kumtilia chumvi, na kila alipochelewa alifagia hori. Nilipotia kufuli nikampa mzee ufunguo, hakuweza tena kumtangulia kila siku.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilimwambia yeye," akasema. "Akaona aibu. Akaniomba nisikwambie, akaniapisha. Kesho yake akawa amesahau kwamba aliniapisha. Mimi sikusahau."

Nikamwuliza kwa nini basi alijitaja siku ile mbele ya figo.

"Siku ile mzee alikuwa mzee wetu wa zamani," akasema. "Uliiona mikono yake. Sikutaka kumharibia."

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba arudi. Msamaha aliupokea kwa kuinamisha kichwa. Kuhusu kurudi, alisema kwamba alikosea kunyamaza na kondoo wamekufa kwa sababu hiyo, hilo analijua na analala nalo. Lakini nimemwita vile, na mzee alisikia kupitia dirisha. Hawezi kurudi kufungua lango la mwenye nyumba anayemdhani mjinga aliyeua kondoo wake. Kisha akaitwa ndani, akaenda.

Nimerudi kwa miguu. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuudhi tu.

14 Mei

Ndama wote saba wazima, manyoya yanang'aa. Wanakua mbele ya macho. Nawatazama nashindwa kuwafurahia.

16 Mei

Leo jua limetoka. Nikatoa nguo zote nje, na koti la Baba nikalitundika kwenye kamba. Nilikuwa nawanywesha kondoo niliposikia ananiita. Hakuita kwa sauti ya siku hizi, aliita kwa ile ya zamani.

Nilimkuta kwenye benchi la kibarazani, koti mapajani, mifuko yote miwili ameigeuza nje. Kwenye mishono mlikuwa na poda imegandamana kwa unyevu.

"Nimeionja," akasema. "Si chumvi. Na koti hili halivaliwi na mtu mwingine." Akaninyooshea mfuko kama alivyotunyooshea lile figo. "Niambie, mwanangu. Ni mimi?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, nimeyapanga siku nane. Yote yalikuwa ya uongo. Nikakaa kando yake.

"Ndiyo, Baba. Ni wewe. Na mimi ndiye niliyehamisha chumvi."

Kuku alipita mbele yetu, akarudi, akapita tena. Akauliza, "Na yule bwana akasema ni yeye?" Nikasema ndiyo. "Mbele yangu?" Ndiyo. "Na mimi nikamwacha aende." Hilo hakuliuliza, kwa hiyo sikujibu.

Kisha akaniambia niende nikamlete, sasa hivi. Nikasema nimalize kondoo kwanza. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nenda sasa. Nimelishika, lakini sijui nitalishika mpaka saa ngapi."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu na viatu vya matope, watu walisimama kuangalia. Kimya alikuwa na gunia begani. Nilimwambia yale maneno ya Baba kama yalivyo, sikuongeza kitu. Alilitua gunia, akamwambia mwenye kinu anarudi au harudi, hajui. Njia nzima alitangulia mbele yangu kwa hatua ndefu.

Baba alikuwa palepale. Jua lilikuwa limehama, limemwacha kivulini, lakini hakusogea. Kila mkono umeshika mfuko mmoja uliogeuzwa, na midomo inacheza. Nilipokaribia nikasikia alichokuwa anakisema, tena na tena, kwa sauti ya chini: ni mimi, siyo yeye, ni mimi, siyo yeye.

Alipomwona, alimwita kwa jina lake lile la wazazi. Hata mimi nilichelewa kujua anaitwa nani.

"Kondoo wangu wamekufa kwa mkono huu," akasema. "Wewe ukajitwika. Nisamehe."

Kimya alichuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili yenye unga.

"Nimekusamehe, mzee."

"Kesho pengine sitajua haya. Wewe ujue."

"Nitajua."

Niliingia jikoni kuwasha moto, kwa sababu nilikuwa na haja ya kufanya kitu. Walikaa pale mpaka chai ikawa tayari. Nilipotoka nayo walikuwa wanazungumza juu ya kwato.

17 Mei

Kimya amefika alfajiri kama vile hakuwahi kuondoka. Baba alimkuta langoni, akamkaripia kwa kuchelewa. Akamwuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Kimya akasema, "Kwetu, mzee. Kidogo tu." Baba akasema mtu huaga. Kimya akasema kweli, ni kosa lake.

Wifi amepiga. Alipouliza kama Baba hajambo, nilimwambia kila kitu, kuanzia chai mara mbili mpaka mfuko wa koti. Kisha akasema kwamba mwezi wa pili Baba alimpigia kumwuliza kama kaka yake amefika salama. Aliogopa kuniambia, asije akaonekana anamtangazia baba yake wazimu. Miezi mitatu na zaidi kila Jumapili tumeulizana habari, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile.

Anakuja mwezi ujao, akae mwezi mzima. Tutapokezana. Nilipokata simu nililala mchana, na hilo sijalifanya tangu msiba.

24 Mei

Kunywesha kondoo ukiwa na Kimya ni nusu saa. Anawashika kama anawanong'oneza.

3 Juni

Mvua zimeisha nadhani. Wifi amefika na mizigo kama anahamia. Baba amemtambua. Amemwuliza pia yeye ni binti wa nani, baadaye kidogo, na wifi akamjibu vizuri, akaja jikoni akalia, akanawa uso, akarudi.

8 Juni

Bado nimechoka. Lakini jana nilikaa chini wakati wa kula.

14 Juni

Leo ni dozi ya mwisho ya kondoo. Daktari amekuja, amewaangalia macho mmoja mmoja, kondoo kumi na saba, na kusema weupe wa jicho umerudi. Poda ya ndama nayo imekwisha, na hawaihitaji tena.

Baba alitaka kuwaona mwenyewe. Alipita katikati yao na fimbo, akawapapasa migongo na mbavu, akawafunua kope. Aliinama kwa mmoja muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba hawa wamewahi kuumwa, tena ugonjwa mkubwa.

Nikasema ndiyo, waliumwa.

Akauliza waliumwa nini. Nikamwambia shaba. Akakunja uso, akasema shaba si ugonjwa rahisi, wengi hawaujui hata wakiuona. Ni nani aliyeujua?

Kimya alikuwa langoni, ameshika komeo. Alinitazama. Lile jingine, la nani aliyewapa, Baba alishalisema mara moja, kwa kinywa chake, kwa mtu aliyestahili kulisikia. Sikuona sababu ya kumlipisha mara ya pili.

"Wewe, Baba," nikasema. "Uliujua kwa figo. Daktari mwenyewe alishangaa."

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi bado naweza kazi," akajipangusa mikono kwenye suruali, na Kimya akamfungulia lango.